Desemba Niliyoinunua kwa Sikukuu Tatu

Desemba ile ilinigharimu sikukuu tatu za Waswidi, kiti changu cha dirishani, na ahadi moja ambayo mpaka leo naitumikia. Nimehesabu mara mbili. Tiketi ya ndege siiweki humo, kwa sababu tiketi haina wa kubishana naye: kompyuta inataja bei, unanung'unika peke yako, unalipa. Nazungumzia vile nilivyovitoa kwa mdomo, mbele ya watu wenye macho, kwa bei ambazo nikizikumbuka bado najipongeza. Isipokuwa moja. Nitaifikia.

Nafanya kazi Kista, pembezoni mwa Stockholm, kwenye kampuni ya simu, ghorofa ya nne, kitengo cha kubakiza wateja. Mteja akipiga simu kusema anahama, anaunganishwa kwetu. Tunamuuliza kulikoni, tunamsikiliza, tunampunguzia hapa, tunamwongezea intaneti pale, mpaka abaki. Kwa maneno mengine nalipwa mshahara, likizo na pensheni kwa kufanya kile ambacho mama yangu amekifanya maisha yake yote sokoni Ilala, kwenye kibanda cha nguo za mitumba, bila hata kiti chenye mgongo.

Watu wa kwetu hapa Stockholm huniuliza kazi ya kampuni ya simu ikoje, hasa wale wanaotaka niwaombee nafasi. Nawaambia ukweli, kwa sababu uongo una kazi ya kuukumbuka. Napenda meza inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Napenda kumwona bosi akiosha kikombe chake mwenyewe. Napenda fika, ile kahawa ya pamoja asubuhi na alasiri, ambayo kwa jina ni mapumziko lakini kwa kweli ni wajibu; ukibaki mezani kwako wenzako wakiwa wanakunywa, atakuja mtu kukuuliza kwa upole kama nyumbani kuna matatizo. Kikapu cha matunda cha Jumatatu nakipenda nusu. Ukichelewa, ndizi zimekwisha, zimebaki peasi ngumu za kuweza kupigilia misumari.

Nisichopenda ni ile skrini ukutani. Inaonyesha nani yuko kwenye simu, tangu lini, na nani ametoka. Ukienda chooni jina lako linageuka rangi ya chungwa, ofisi nzima inajua. Sipendi pia karatasi ya maneno ya kumwambia mteja, iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuza hata karanga. Na sipendi sentensi moja ya Kiswidi ambayo ilinichukua muda mrefu kuielewa: "Nasikia unachosema." Mwanzoni nilikuwa nikiambiwa hivyo nafurahi. Nikadhani mtu akishasikia atafanya. Kumbe hiyo ndiyo hapana yao, wameivalisha koti.

Na wateja? Mteja Mswidi akisema anahama, ameshahama. Amesoma mkataba, amelinganisha kampuni, ameandika tarehe kwenye kalenda, anakupigia kwa adabu tu kama anayeaga msibani. Lakini wapo wengine, na si wa kwetu peke yao, wanaosema "naondoka" kwa sauti fulani yenye mkia. Hao hawaendi popote. Wanangoja kuitwa. Ile sauti naijua tangu sijaota meno ya ukubwani. Sokoni, mnunuzi akishindwana na mama, anaweka shati chini, anageuka, anaondoka polepole, tena polepole kupita kiasi, akitazama vibanda vya wengine bila kuona kitu. Mama anamwacha afike kwa muuza viazi. Hapo ndipo anapoita: "Haya, njoo chukua!" Na mtu anarudi kana kwamba hakutarajia.

Nimekulia humo. Na ndimo nilimokosea.

Septemba mama alinipigia. Mama hapigi simu kusalimia, hupiga kutangaza.

"Mwanangu, mwaka huu nafunga."

"Unafunga nini tena, mama? Ramadhani si imepita?"

"Kibanda. Desemba ikiisha nauza shati la mwisho, namrudishia mwenye eneo funguo zake. Magoti yamekataa."

"Mama…"

"Krismasi hii ndiyo ya mwisho. Ukitaka kuniona nikiuza, njoo. Usipotaka, watakurushia picha."

Akakata. Mama hukata simu kabla hujapata jibu zuri.

Lazima nieleze Desemba ni nini kwa mama. Sisi ni Waislamu, lakini mama husema Krismasi ni ya Wakristo kusali na ya kwake kuuza. Wiki zile nne soko linawaka. Watoto wa mji mzima wanataka nguo, akina baba wametoka kulipwa, na mama hapo ndipo anapokuwa mama hasa: sauti moja, mikono kama sita. Utotoni nilikaa chini ya meza yake nikichambua mashati. Tangu nihamie huku sijawahi kuiona Desemba hiyo tena. Nilikuwa naenda Julai, kama Waswidi wote, namkuta mama anapiga miayo, soko limepoa.

Na sababu ilikuwa biashara yangu mwenyewe. Pale kazini mimi ndiye niliyekuwa mtu wa Krismasi. Kila mwaka nilikaa kwenye simu mkesha wa Krismasi, Waswidi wakaenda kula nyama yao ya nguruwe kwa amani, nami wakanipa siku zangu za Idi bila maneno. Kila mtu aliridhika. Kwa hiyo nilipoingia kwenye chumba cha vioo cha bosi wangu kuomba Desemba, ilikuwa kama nguzo ya nyumba kuomba ruhusa ya kwenda matembezi.

Bosi wangu ni mwanamke Mswidi, mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata mashine ya kahawa ikimmwagikia. Nilihitaji wiki nne. Kwa hiyo nikaomba nane.

"Wiki nane?" Akaandika. Niliona akiiandika, nane, akaizungushia duara. "Desemba?"

"Desemba na Januari."

"Lakini unajua kuanzia wiki ya arobaini na nane, mwishoni mwa Novemba, hakuna likizo. Ndio msimu wetu mkubwa."

"Najua. Basi sema wewe."

"Niseme nini?"

"Sema unaweza ngapi."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Siwezi hata moja. Na wewe ndiye…" Hakumaliza, lakini nilimalizia mwenyewe: wewe ndiye mtu wa Krismasi. "Nasikia unachosema," akasema.

Hapo nikafanya nilichofundishwa. Nikainuka. Nikachukua koti langu taratibu, nikafunga zipu, nikaifungua. Nikashika mpini wa mlango, nikaukagua kama mtu anayetaka kuununua. Nikatoka. Nikapita meza za wenzangu kwa mwendo wa bibi harusi. Nikafika kwenye mashine ya kahawa, ambayo kwa hesabu zangu ndiyo muuza viazi wa pale, nikasimama, nikangoja.

Sikuitwa.

Nikageuka. Kupitia kioo nilimwona bosi ameshaanza kuandika barua pepe. Aliponiona namtazama akatabasamu, akanipungia mkono.

Mwenzangu Mrundi, anayekaa Jakobsberg, aliniona nimesimama pale na kikombe kitupu. Ameoa Mtanzania, kwa hiyo tunaitana shemeji, na ushemeji wetu ni wa matusi ya kirafiki kuanzia asubuhi. Nilimsimulia. Akaegemea ukuta akacheka mpaka akafuta macho.

"Weye ulingoja akuite?"

"Nilikwenda polepole kabisa."

"Shemeji! Mswidi ukimwambia unaenda, anakushikia mlango. Bon, anakuonyesha na lifti ilipo."

"Kazi yetu ni kuwaita wanaoondoka. Yeye ndiye mkuu wa kitengo."

"Kuita wateja. Weye ni mteja?"

Alitania, lakini neno lile nilipanda nalo treni hadi nyumbani kwangu Tumba. Nikapika nalo, nikalilalia. Wewe ni mteja?

Kila vuli kampuni yetu hutuuliza tunajisikiaje. Yanakuja maswali kwenye kompyuta, unabonyeza nyuso: yenye furaha, ya wastani, ya huzuni. Halafu bosi anaitisha kikao cha kuzungumzia nyuso hizo. Mwaka ule zilikuwa zimenuna. Basi akabandika ukutani karatasi mbili kubwa, moja ya tunachopenda kazini na nyingine ya tusichopenda, akatugawia vikaratasi vya njano vya kubandika. Hakuna kuandika jina. Kila mtu huru.

Upande wa tunachopenda ulijaa haraka. Wenzangu. Fika. Wenzangu. Kufanya kazi nyumbani Ijumaa. Wenzangu tena, Waswidi wakipenda jambo hawana maneno mengi. Upande wa pili watu walikuwa wanapeleka vikaratasi kwa kunyata. Skrini. Kelele. Skrini. Peasi. Mtu mwingine, peasi. Nikaanza kudhani mkutano utaishia kwenye matunda.

Nikaandika changu, nikakibandika katikati: *Mteja akisema anaondoka, tunamkimbilia. Mfanyakazi akiondoka, tunampungia mkono.*

Hakikuwa na jina, lakini mwenzetu mmoja Mswidi, mwenye boti anayeizungumzia kama mtoto wake wa pili, aligeuza shingo akanitazama. Shemeji yangu akakohoa. Bosi akavisoma vyote kwa sauti, kimoja kimoja, kwa zamu. Alipofika kwangu akasoma, akanyamaza. Ukimya wa Waswidi mkutanoni una vyumba vingi, na huwezi kujua umeingia kipi. Hatimaye akakibandua kile kikaratasi, akakibandika kwenye daftari lake.

"Hiki nitaondoka nacho," akasema.

Nikavunjika moyo. Hiyo nayo ni hapana, ila imevaa na skafu.

Ilipita wiki na zaidi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna ya kumwambia mama kwa simu, na mama si mtu wa kuambiwa kwa simu. Nilijaribu maneno peke yangu bafuni, nikayasikia yote yakianza na neno "kazi", nikaacha. Kisha alasiri moja bosi akaja mezani kwangu, akainama.

"Una dakika?"

Ndani ya chumba cha vioo alinieleza kwa utaratibu. Alikuwa amezungumza na mkuu wake. Alikuwa amezungumza na watu wa utumishi. Walikutana, wakafikiri, wakakutana tena kuona wamefikiri nini. Likizo haiwezekani, sheria ni sheria. Lakini kubadilishana zamu hakujakatazwa. Kama kila zamu yangu ya wiki nne itakuwa na jina la mtu aliyekubali mwenyewe, bila kulazimishwa, kabla Novemba haijaanza, yeye atasaini.

"Wiki nane haikuwezekana," akasema kwa masikitiko. "Samahani sana. Nne tu."

Nikakunja uso kama ilivyo desturi, nikahema, nikasema sawa, nitajibana. Moyoni nilikuwa napiga vigelegele. Waswidi nao huita! Ila kwanza wanafanya kikao.

Nikahesabu mali yangu. Kukaa Stockholm bila boti, bila kibanda cha majira ya joto na bila mjomba mwenye kisiwa kunakupa utajiri usioujua: sikukuu zao huna haja nazo, na wao bila hizo hawawezi kupumua. Nilikuwa na mkesha wa Midsommar, siku ya Juni wanayocheza kama vyura kuzunguka mlingoti wa maua, na ambayo hata kifo kingeombwa kingoje. Nilikuwa na Pasaka. Nilikuwa na ile Ijumaa ya Mei iliyobanwa kati ya sikukuu ya kupaa kwa Bwana na mwisho wa wiki, ambayo ukiipata umepata siku nne za mapumziko kwa gharama ya moja. Idi sikuiweka mezani. Idi si bidhaa.

Nikaanza na mwenye boti. Nilitaka achukue zamu zangu za wiki mbili za kwanza. Nikajipanga: nitamtajia Midsommar kwa wiki moja, yeye ataguna, atapanda, mimi nitashuka, tutakutana kwenye wiki mbili na kila mtu atajiona mshindi.

"Nakupa mkesha wa Midsommar wote," nikamwambia, "uchukue wiki yangu ya kwanza ya Desemba."

"Okej," akasema.

Nikangoja.

"Okej? Hivyo tu?"

"Ndiyo. Vizuri sana." Akaingia kwenye mfumo, akabonyeza, jina lake likatokea.

Nilirudi mezani nikajisikia mgonjwa. Mteja akikubali bei ya kwanza, umeuza dhahabu kwa bei ya bati. Kesho yake kwenye fika, katikati ya keki ya mdalasini, akasema kwa furaha isiyo na hila yoyote, "Kwa Midsommar mimi ningefanya hata mwezi mzima." Shemeji yangu akaniangalia. Sikumwangalia. Hiyo ndiyo ile bei moja niliyosema. Mama hajawahi kuambiwa, na kama yupo anayesoma haya anayeishi Ilala, naomba habari hii isimfikie.

Nikajifunza. Pasaka niliikata vipande viwili kama kitambaa, nikawauzia akina dada wawili wa safu ya nyuma, kila mmoja nusu, na kila mmoja nikamwambia mwenzake anaitaka yote. Wakachukua wiki ya pili na karibu yote ya tatu. Hawakulazimishwa. Waliharakishwa.

Shemeji ndiye alikuwa ngome. Yeye huimba kwaya kanisani Jakobsberg, na Krismasi hagusi simu hata ikiwa inawaka moto. Nilimtaka kwa wiki ile ya baada ya Krismasi hadi Mwaka Mpya, zamu za jioni. Tulipanga bei kwenye ngazi za dharura, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ghorofa ya tatu walidhani kuna ugomvi.

"Nataka kiti chako cha dirishani," akasema.

"Kiti hakiuzwi. Kutoka pale naona miti, naona mvua, naona nani amechelewa."

"Kiti, na ile Ijumaa ya Mei."

"Kiti peke yake, tena kwa machozi."

"Kiti, Ijumaa, na sambusa."

"Sambusa za nini? Si umeoa Mtanzania?"

"Ndiyo maana naomba, shemeji. Siku hizi ananiambia kanuni iko kwenye simu, nijipikie."

"Basi chukua kiti na Ijumaa. Sambusa kaombe ndoa yako."

Akaweka mikono kifuani, akageuka, akaanza kushuka ngazi. Polepole. Mrundi mzima na kimo chake, anashuka ngazi moja moja, anakagua ukuta. Nikamwacha afike kwenye kona.

"Haya, njoo chukua!" nikaita. "Sambusa kumi!"

Tukacheka mpaka mtu wa usalama akafungua mlango kuuliza kama tunahitaji msaada.

Ikabaki zamu moja. Jioni ya tarehe ishirini na nne, mkesha wenyewe wa Krismasi, ambayo kila Mswidi ameshika mti, au nyama, au mama mkwe. Nilizunguka ofisi nzima. Nikaongeza, nikaweka na Jumapili zangu juu, nikaahidi kahawa. Watu waliinamisha vichwa kwa huzuni kana kwamba nimewaletea barua ya daktari. Oktoba ilikuwa inakwisha. Wiki nne zote zina majina na kitobo kimoja katikati, na bosi alikuwa ameshasema: kila zamu. Kitobo kile kilikuwa kinatosha kuangusha Desemba nzima ndani yake, pamoja na mama na kibanda.

Usiku niliwaza nani hajaulizwa. Asubuhi nikaingia kwenye chumba cha vioo.

"Imebaki zamu moja," nikamwambia bosi. "Naomba uichukue wewe."

"Mimi?"

"Una masikio, una mdomo. Spika za masikioni zipo."

"Sijapokea simu ya mteja miaka mingi."

"Vizuri. Hawajakuchoka."

Akacheka, akakatisha kicheko, akatazama dirishani. Niliona anapiga hesabu: nyama, mti, watoto wake wawili wakubwa wanaokuja kwa treni. Akavuta pumzi. "Nasikia unachosema," akasema.

Sikubishana. Nikasimama. Nikachukua koti langu, nikafunga zipu, nikaifungua. Mpini wa mlango tulikuwa tumeshazoeana. Nikatoka, nikaanza kutembea, na safari hii sikuwa naigiza. Miguu yenyewe ilikuwa mizito, nilikuwa natembea kama mtu anayekwenda kumpigia mama yake simu. Nikapita kiti cha dirishani ambacho kilikuwa si changu tena. Nikapita mwenye boti. Sikuwa hata nimefika kwenye mashine ya kahawa.

"Subiri!"

Kwa Kiswidi, vänta, na kwa sauti ambayo ofisi ile haijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Watu waliinua vichwa. Alikuwa amesimama mlangoni, amekuwa mwekundu hadi shingoni, ameshika daftari lake lenye kikaratasi changu cha njano kwenye jalada.

"Utanipa nini?" akauliza.

Nilitamani mama awepo. Nilirudi polepole kuliko nilivyoondoka, kwa sababu kurudi nako kuna heshima yake.

Alitaka niwafundishe wafanyakazi wapya. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nzima, bila ile karatasi ya maneno: namna ya kusikia tofauti ya mteja anayeondoka na mteja anayengoja kuitwa. Nilisema robo saa. Akasema saa. Nikasema nusu saa, na skrini isinigeuze rangi ya chungwa nikienda chooni. Akafikiri. Akasema skrini hawezi, ila saa ataikata iwe dakika arobaini na kikapu cha matunda kitaongezwa ndizi. Tukapeana mikono. Shemeji yangu, kutoka kwenye dirisha langu, akapiga makofi mara moja tu, kwa heshima.

Jioni hiyo ndani ya treni ya Tumba niliwatabasamia watu nisiowajua. Mmoja akahama kiti.

Nilifika Ilala na joto likanipokea kabla ya mama. Hakunikumbatia. Alinitazama toka juu hadi chini, akasema nimepungua, akanitupia rundo la mashati ya watoto. "Tundika. Ya mikono mirefu mbele, watu wa huku siku hizi wanaona baridi." Nikatundika. Kwa wiki zile nilikuwa mtoto wa chini ya meza aliyepewa kusimama. Sauti ilinikauka, miguu ikavimba, nikapata rangi. Siku moja mwanamke alibishania gauni la bintiye, akaliweka chini, akaondoka. Nikafungua mdomo kumwita. Mama akanikanyaga mguu.

"Mwache. Bado hajafika kwa viazi."

Alipofika, mama aliita, naye akarudi. Nikamsimulia mama habari ya bosi na mashine ya kahawa. Alicheka mpaka wateja wakadhani tunapunguza bei.

"Kwa hiyo alikuita?"

"Aliniita."

"Mzungu?"

"Mbele za watu, mama."

Akarudi kwenye nguo zake, lakini siku ile nzima kila jirani aliyepita alielezwa kuwa binti yake amemfundisha Mzungu kuita.

Siku ya mwisho ya mwaka nilivaa vizuri. Nilikuwa na simu mkononi, tayari kupiga picha ya shati la mwisho. Soko lilikuwa linapungua, mama anafuta meza. Mara ukaja mkokoteni, mwenye mkokoteni anapiga kelele watu wampishe, na juu yake belo jipya la mitumba, bado limefungwa mikanda.

"Hili la nani?" nikauliza.

"La Januari," akasema mama. "Weka hapo, baba. Taratibu, usiniangushie."

"Mama. Si unafunga?"

"Nilisema nafunga?"

"Ulisema Desemba ikiisha. Ulisema magoti."

"Nilisema." Alikuwa anakagua mikanda ya belo, hanitazami. "Kila mwaka nakuambia njoo Desemba, unaniambia kazi. Mwaka huu nikasema nafunga. Ukaja."

Nikasimama na simu yangu. Mama alikuwa ameondoka polepole, zipu imefungwa na kufunguliwa, tangu Septemba, na mimi mwenye kazi ya kusikia sauti hiyo kila siku sikuisikia. Sikuweza hata kukasirika. Ilikuwa kazi safi mno.

"Mwakani nafunga kweli," akasema. "Shika huku tulifungue."

Sasa ni vuli tena, na hapa ndipo ninapohitaji msaada wenu. Sikukuu nilizouza nimezilipa zote: Midsommar nilikaa kwenye simu na wateja wawili tu, wote walevi, Jumanne nafundisha, sambusa zimeliwa. Shemeji harudishi kiti. Mwenye boti juzi nilimtajia bei ya wiki ya kwanza ya Desemba, akanisikiliza, akasimama, akachukua koti lake, akafunga zipu, akaifungua, akaondoka kuelekea kwenye mashine ya kahawa kwa mwendo ninaoujua. Ilibidi nimwite mimi. Bosi naye siku hizi nikiomba kitu anataja nusu yake kabla sijamaliza. Nimewafundisha wote, na bei zimepanda.

Na mama amepiga simu. Anasema anafunga, mwaka huu ni kweli, magoti. Najua hafungi. Najua pia kwamba nitakwenda. Idi siiuzi. Basi nyie mliokaa huku muda mrefu kuliko mimi, mnaowajua Waswidi na sikukuu zao: nimebakiwa na nini cha kuwauzia?